Feni ya Rejeta: Jinsi Waya Ulivyochukua Kazi ya Mkanda

Hapa tumezoea kuongea habari za programu, seva na simu. Leo naomba tufungue boneti ya gari. Kitu ninachotaka tukitazame ni kidogo sana: feni moja ya umeme ya rejeta, ile inayonunuliwa ikiwa peke yake na kufungwa katika gari lililobadilishwa injini. Ina nyaya mbili tu. Ukiwauliza mafundi wa Kirinyaga Road hapa Nairobi, watakuambia kuifunga ni kazi ya saa moja.

Ni kweli ni kazi ya saa moja. Lakini nyaya hizo mbili zimefika hapo kwa safari ya zaidi ya miaka mia moja. Ukiifuata safari yenyewe utaelewa kwa nini gari moja hukaa kwenye jam ya Mombasa Road bila wasiwasi, na lingine husukumwa kando likitoa mvuke.

Hoja yangu ni hii. Zamani feni ilifungwa kwenye injini kwa mkanda. Injini ikizunguka, feni inazunguka, hakuna mjadala. Feni ya umeme ilikata uhusiano huo, na kilichobaki kuunganisha injini na feni ni waya. Kwa hiyo waya ndio mkanda wetu wa siku hizi. Tofauti ni kwamba mkanda uliochakaa unaonekana kwa macho na unapiga kelele, lakini waya mbovu hunyamaza mpaka siku ya hasara.

Haya, tuanze mwanzo.

Gari lililokunywa maji

Injini ya petroli ni mashine yenye hasara kubwa. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja ya nguvu ya mafuta huendesha gari, theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki huingia kwenye chuma cha injini ikiwa joto. Joto hilo lisipoondolewa, mafuta ya kulainisha hupoteza kazi yake, kichwa cha injini hupinda, na gasketi huungua.

Carl Benz, aliyesajili hataza ya gari lake Ujerumani tarehe 29 Januari 1886, alilitatua tatizo hilo kwa njia rahisi: aliyaacha maji yachemke. Maji yaliizunguka silinda, yakageuka mvuke, mvuke ukaenda zake, na dereva akaongeza mengine. Ndiyo maana mke wake, Bertha Benz, alipofunga safari maarufu ya Agosti 1888 kutoka Mannheim hadi Pforzheim akiwa na wanawe wawili, safari ya zaidi ya kilomita 100, alilazimika kusimama mara kwa mara kutafuta maji. Dereva wetu anayebeba jerikeni la maji kwenye buti kila akielekea Mtito Andei ni mrithi wake wa moja kwa moja.

Injini ziliongezeka nguvu, na njia hiyo ikashindwa. Aliyeleta suluhisho ni Wilhelm Maybach wa kampuni ya Daimler. Mwaka 1900 alibuni rejeta ya sega la nyuki, ikaingia kwenye gari la kwanza la Mercedes, lile la nguvu za farasi 35. Ilikuwa na mirija midogo 8,070 ya pembe nne, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita 6. Hewa ilipita ndani ya mirija na maji yakapita katikati yake. Injini ikahitaji lita 9 tu za maji, wakati rejeta iliyotangulia ilihitaji lita 18. Na nyuma ya rejeta hiyo Maybach aliweka feni, kwa sababu gari likienda polepole hakuna upepo wa kupita kwenye mirija.

Kumbuka sentensi hiyo ya mwisho. Kazi ya feni ni wakati gari liko polepole au limesimama. Barabarani, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo wenyewe unatosha katika magari mengi.

Enzi ya mkanda

Ford Model T, iliyotoka mwaka 1908 na kutengenezwa mpaka 1927 kwa idadi ya milioni 15 hivi, iliwazoesha watu feni inayoendeshwa na injini kwa mkanda. Kwa zaidi ya miaka 50 magari mengi duniani yalifuata mpango huo: injini imelala kwa urefu wa gari, mbele yake feni, mbele ya feni rejeta. Feni na rejeta zilitazamana, na mkanda ukafika bila shida.

Uzuri wa mkanda ni kwamba hauna uamuzi wowote wa kufanya, wala swichi ya kuharibika. Ukikatika, dereva anajua mapema, maana mkanda huo mara nyingi ndio ulioendesha pia dainamo, na taa nyekundu ya chaji inawaka.

Ubaya wake ni kwamba feni hiyo hufanya kazi kinyume. Kwenye msongamano, injini inapozunguka polepole na joto linapanda, feni nayo inazunguka polepole. Kwenye barabara kuu, upepo ukiwa mwingi, feni inazunguka kwa kasi isiyohitajika. Tena hesabu ya feni ni kali: ukiongeza mzunguko wake mara mbili, nguvu inayokula huongezeka mara nane. Mafuta ya bure hayo, yanaishia kwenye kelele.

Waliojaribu kurekebisha jambo hili mapema ni Wafaransa wa Peugeot, na gari lenyewe tunalijua vizuri Afrika Mashariki. Peugeot 404, iliyozinduliwa mwaka 1960, ilipata feni yenye sumakuumeme kwenye kitovu chake. Nguvu ilitoka kwenye mkanda kama kawaida, lakini feni haikushikana na puli mpaka maji yapate joto la kutosha. Swichi ndogo ya joto ilipeleka umeme kwenye sumaku, sumaku ikaivuta feni, feni ikaanza kazi. Maji yakipoa, umeme unakatika na feni inaachiliwa.

Hii 404 ndiyo iliyoshinda Safari Rally mara nne: mwaka 1963 na 1968 ikiendeshwa na Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, na mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Sisemi feni ndiyo iliyoshinda. Ninachosema ni kwamba katika gari hilo mambo mawili yalitenganishwa kwa mara ya kwanza mbele ya macho yetu: nguvu ilitoka sehemu moja, yaani mkanda, na amri ikatoka sehemu nyingine, yaani swichi ya joto. Sisi waandishi wa programu tunaujua mgawanyo huo vizuri.

Injini ikageuzwa upande

Kilichoua mkanda wa feni katika magari madogo ni umbo la gari, kabla hata ya suala la mafuta.

Mwaka 1959 Alec Issigonis alileta Mini huko Uingereza. Ili kubana nafasi aliilaza injini kwa upana wa gari, magurudumu ya mbele yakavuta. Sasa upande wa injini wenye mkanda ulitazama gurudumu badala ya kutazama mbele. Issigonis akaifuata feni: akaiweka rejeta ubavuni, karibu na gurudumu, feni ikaendelea kuzungushwa na mkanda. Ilifanya kazi, lakini rejeta iliyofichwa ubavuni haipati upepo wa moja kwa moja wa barabarani.

Dante Giacosa wa Fiat alichukua njia nyingine. Fiat 128 ya mwaka 1969 ilikuwa na injini iliyolala kwa upana, lakini rejeta ilirudi mbele kwenye upepo. Mkanda usingeweza kufika huko kwa urahisi, kwa hiyo feni ikapewa mota yake ya umeme na swichi ya joto. Volkswagen Golf ya mwaka 1974 ilikuja na mpango wa namna hiyo hiyo, na magari madogo karibu yote yaliyofuata yakaiga. Mgogoro wa mafuta ulioanza Oktoba 1973 ulikuwa umeshawafanya watengenezaji wahesabu kila tone, na feni isiyozunguka bila sababu ikawa faida.

Lakini mpango huo usingewezekana miaka 20 kabla. Dainamo ya zamani ilitoa umeme kidogo sana injini ikiwa imetulia. Feni ya umeme inahitajika hasa wakati huo, gari likiwa limesimama. Ungekuwa unakausha betri kwenye kila foleni. Kilichofungua njia ni altaneta, ambayo huchaji hata injini ikizunguka polepole. Gari la Valiant la Chrysler la mwaka 1960 lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuuzwa nayo kama kifaa cha kawaida. Magari nayo yalikuwa yamehama kutoka volti 6 kwenda volti 12 katika miaka ya 1950, kwa hiyo kazi ile ile ikafanywa kwa nusu ya mkondo.

Na tusidhani mkanda ulikufa kabisa. Land Cruiser za mfululizo wa 70 na Hiace nyingi tunazopanda kila siku, ambazo injini zake zimelala kwa urefu, zimebaki na feni ya mkanda yenye klachi ya mafuta mazito inayokaza kadiri hewa ya rejeta inavyopata joto. Kwa gari la kazi ngumu bado ni mpango mzuri.

Vifaa vilivyotoka mbali

Sasa tuje kwenye gari lililobadilishwa. Umeweka injini kubwa kuliko ile ya kiwandani, au umeigeuza, au umeweka rejeta nene zaidi, na feni ya mkanda haina tena nafasi. Unanunua feni moja ya inchi 14 au 16. Ili uifunge sawasawa unahitaji vitu vitatu vingine: rilei, swichi ya joto na fyuzi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobuniwa kwa ajili ya gari.

Rilei ndiyo mzee wao wa kuheshimiwa. Mwanasayansi wa Marekani Joseph Henry aliitengeneza mwaka 1835: mkondo mdogo unaingia kwenye koili, koili inageuka sumaku, sumaku inavuta kipande cha chuma, na chuma kinaunganisha sakiti nyingine yenye nguvu zaidi. Samuel Morse alipofungua laini ya telegrafu kati ya Washington na Baltimore tarehe 24 Mei 1844, wazo hilo ndilo lililowezesha ishara iliyochoka njiani ipokelewe na kupelekwa mbele kwa nguvu mpya. Jina lenyewe lilitoka kwenye vituo vya kubadilishia farasi waliochoka. Kwetu mfano ulio karibu ni mbio za kupokezana vijiti: anayechoka anampa kijiti mwenye nguvu, na ujumbe unafika.

Kifaa hicho ni babu yetu pia. Mwaka 1937 Claude Shannon, akiwa mwanafunzi wa MIT mwenye umri wa miaka 21, alionyesha katika tasnifu yake kwamba sakiti za rilei zinaweza kufanya hesabu za kimantiki za George Boole. Mwaka 1941 Konrad Zuse wa Ujerumani alikamilisha kompyuta yake Z3, iliyojengwa kwa rilei zaidi ya 2,000. Kwa hiyo ukisikia "tik" ndogo chini ya boneti kabla feni haijaanza kuvuma, umesikia biti moja ya kompyuta ya zamani ikibadilika kutoka sifuri kwenda moja.

Swichi ya joto ina asili ya baharini. Ndani yake kuna bamba la metali mbili zilizoshikanishwa. Zikipata joto moja hurefuka kuliko nyingine na bamba linapinda. John Harrison wa Uingereza alilibuni bamba la aina hiyo katika karne ya 18 kwa ajili ya saa yake ya tatu ya baharini, ili joto lisiharibu majira na mabaharia wakapotea. Fyuzi nayo ilitoka kwenye umeme wa majumbani: Thomas Edison alisajili hataza ya fyuzi mwaka 1890 katika mfumo wake wa kusambaza umeme. Fyuzi bapa ya plastiki tunayoitumia leo kwenye magari ilitoka kwa kampuni ya Littelfuse mwaka 1976, na rangi zake zinajulikana: nyekundu ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30.

Tufunge waya

Tazama chini ya rilei ya kawaida ya gari, utaona namba: 30, 85, 86, 87. Namba hizo zinatoka kwenye kanuni ya viwango vya Ujerumani inayoitwa DIN 72552, na zimeenea duniani kote. Fundi wa Nairobi na fundi wa Stuttgart wanasoma lugha moja.

30 ni umeme unaotoka kwenye betri. Hapa inapita nguvu. Fyuzi iwekwe karibu na betri kadiri iwezekanavyo, kwa sababu fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu. Kipande cha kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kikikwaruzwa na chuma, moto utaanzia hapo. Kwa feni inayokula ampea 20, fyuzi ya 30 inafaa, maana feni ikianza huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi kabla haijatulia.

87 inakwenda kwenye feni. Waya wa pili wa feni unakwenda kwenye bodi ya gari au moja kwa moja kwenye hasi ya betri.

86 inapata umeme mdogo kutoka kwenye swichi ya ufunguo, kupitia fyuzi yake ndogo.

85 inakwenda kwenye swichi ya joto, na swichi ya joto inaishia kwenye bodi. Koili inakula karibu ampea 0.2 tu, kwa hiyo waya mwembamba unatosha.

Basi. Nguvu upande mmoja, amri upande mwingine, kama ile Peugeot. Na amri yenyewe ukiiandika ni programu ya mistari mitatu:

kama joto limefika 95: washa feni
kama joto limeshuka hadi 88: zima feni
vinginevyo: iache ilivyo

Mstari wa tatu usiupuuze. Kama kungekuwa na namba moja tu, tuseme 92, feni ingewaka na kuzima kila sekunde chache joto likicheza kati ya 91 na 92, na rilei ingeungua midomo kwa muda mfupi. Pengo la digrii 7 ndilo linaloipa feni nafasi ya kupumzika. Bamba la Harrison linalifanya jambo hilo lenyewe: likishapinda, halirudi mpaka lipoe zaidi ya pale lilipopindia. Hakikisha pia namba ya chini iko juu ya joto la kufunguka kwa themostati ya injini. Themostati ya 82 ikiwa na swichi inayozima 78, feni itazunguka siku nzima, kwa sababu injini haitashuka hadi hapo.

Kwa nini isiwe njia ya mkato

Nimeona magari mengi yaliyofungwa kwa njia fupi: waya mmoja kutoka kwenye swichi ya ufunguo, unapita kwenye kitufe kwenye dashibodi, unakwenda kwenye feni. Hakuna rilei, hakuna swichi ya joto. Inafanya kazi siku hiyo hiyo, mteja analipa, anaondoka. Hesabu inasema nini?

Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa karibu omu 0.0115 kwa kila mita. Safari ya kutoka betri hadi dashibodi na kurudi mbele ni kama mita 4. Kwa ampea 20 unapoteza volti 0.9 hivi, na wati 18 zinageuka joto ndani ya kifungu cha nyaya nyuma ya dashibodi. Hapo hatujahesabu kitufe chenyewe, ambacho mara nyingi hakikutengenezwa kubeba ampea 20. Ukitumia rilei iliyo karibu na betri na waya wa milimita mraba 4, hata kwa urefu ule ule hasara inashuka hadi volti 0.35 hivi, na waya wenyewe unakuwa mfupi zaidi. Kwa ampea 0.2, ule waya mwembamba wa dashibodi hautapata joto hata kidogo.

Kuna hasara nyingine ambayo haipimwi kwa mita ya umeme. Kitufe cha mkono kinamgeuza dereva kuwa swichi ya joto. Yeye ndiye bamba la Harrison. Siku akipigiwa simu, akiongea na abiria, akilazimika kukwepa pikipiki, amesahau, na injini haisahau. Kama unataka kitufe, kiunganishe sambamba na swichi ya joto, yaani nacho kiipeleke 85 kwenye bodi. Hapo dereva anaweza kuiwasha feni kabla ya wakati, lakini hawezi kuizima inapohitajika. Hii ndiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote katika sakiti hii: mwanadamu apewe uwezo wa kuongeza usalama, asipewe wa kuuondoa.

Muunganisho wa bodi nao ni wa kuangaliwa. Boliti yenye kutu au rangi chini yake ikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, inakula karibu volti 2. Feni itazunguka kwa uvivu, utasema feni ni mbovu, utanunua nyingine, na hali itakuwa ile ile. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi.

Mwisho, daiodi. Koili ya rilei ikikatiwa umeme ghafla hurusha volti nyingi, zinaweza kuzidi 100 kwa muda mfupi sana. Kwa 404 ya mwaka 1960 haikuwa shida. Kwa gari lenye kompyuta ya injini ni kelele isiyotakiwa. Daiodi ndogo kati ya 85 na 86, mstari wake ukiwa upande wa 86, inaumeza mshtuko huo.

Feni moja haina mwenzake

Magari mengi ya kiwandani yenye kiyoyozi yana feni mbili mbele, moja ya rejeta na moja ya kiyoyozi. Moja ikifa, nyingine inakusogeza mpaka gereji. Gari letu lililobadilishwa lina moja. Hakuna akiba. Na sisi wa Nairobi tunaishi mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambapo maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 94. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia shinikizo na kupandisha kiwango hicho kwa zaidi ya nyuzi 20. Kifuniko kikilegea, swichi yako ya 95 itawasha feni wakati maji yameshaanza kuchemka.

Ndiyo maana napendekeza kitu kimoja zaidi, cha bei ya chai na mandazi: taa ndogo kwenye dashibodi, iliyounganishwa na 87 kupitia fyuzi yake ndogo. Ikiwaka, umeme umetoka kwenye rilei kwenda kwenye feni. Haithibitishi kwamba mapanga yanazunguka, lakini ukiwa kwenye foleni, kipimo cha joto kinapanda na taa haijawaka, unajua mara moja kwamba tatizo liko kwenye amri, fyuzi au rilei, na una dakika chache za kuchukua hatua. Ile taa nyekundu ya chaji iliyowaka mkanda ulipokatika ilitoa onyo la namna hiyo. Mkanda ulipoondoka uliondoka na onyo lake, na ni juu yetu kulirudisha.

Katika magari mapya kazi hii yote imehamia kwenye kompyuta ya injini, ambayo hupandisha na kushusha kasi ya feni kidogo kidogo badala ya kuiwasha na kuizima. Hata magari ya umeme, yasiyo na injini ya kuchemka, yana rejeta na feni, maana betri, mota na vifaa vyake vya umeme navyo hupata joto. Lakini ndani ya programu hizo bado kuna ule mstari wa kuuliza joto limefika ngapi.

Kwa hiyo ukimpelekea fundi feni yako moja, usimharakishe amalize kwa nusu saa. Mwulize rilei iko wapi, fyuzi iko umbali gani kutoka kwenye betri, na bodi imekwanguliwa. Maswali matatu. Fundi mzuri atafurahi kuulizwa, na gasketi ya kichwa ni ghali kuliko saa moja ya kazi yake.

Aliye na swali aandike hapo chini, tutajadiliana. Mpaka wakati mwingine, safari njema.